Miche ya Marehemu Fakhrudin

Mwaka ule watu wa mkoa mzima walipokuwa wakihamishwa kwenye makazi yao ya zamani kwenda vijiji vya ujamaa, palikuwa na mtu mmoja Gongoni, Tabora Mjini, aliyetakiwa na jamaa zake ahame, akakataa. Huyo alikuwa Nurjahan, mjane wa Fakhrudin muuza vitambaa. Sababu yake ilikuwa miche thelathini na nane, kila mmoja mdogo kuliko punje ya choroko.

Twalibu kinyozi alizijua habari hizo mapema kwa sababu alikaa mlangoni kwake. Kwa miaka kumi na tisa kiti chake cha kunyolea kilikuwa barazani pa duka la Fakhrudin, na kioo chake kilining'inia kwenye msumari ambao Fakhrudin mwenyewe aliupigilia. Siku za kawaida alinyoa vichwa na ndevu. Shule zikifungwa, aliitwa majumbani kutahiri. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatumia kuwaambia watu wasitikise kichwa.

Fakhrudin, alipokuwa hai, alikuwa na mapenzi yake ya pembeni. Uani kwake alipanga madebe ya mafuta ya taa yaliyojaa mchanga, na ndani ya madebe hayo alipanda kaktasi, mimea ya miiba aliyoletewa kutoka nchi za mbali: mingine mviringo kama mipira, mingine yenye mvi kama wazee, yote miiba mitupu. Twalibu aliwahi kumuuliza mara moja.

"Inaliwa?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Unataka kujenga ua?"

"Twalibu, inatazamwa."

Twalibu akaitazama. Alipoona imetosha, akarudi barazani.

Mwezi wa Januari Fakhrudin alipokea bahasha ya mbegu kwa posta. Zilikuwa arobaini, ndogo kama vumbi la ugoro. Akazipanda kwenye sinia la mchanga, akalifunika kwa kioo cha dirisha. Siku ya tisa, akiwa anapima kitambaa cha mteja, alisema, "Dhiraa nne," akaanguka. Daktari alisema ni moyo. Mteja, kwa heshima, alikiacha kitambaa juu ya meza akaenda zake.

Siku walipomaliza kisomo cha arobaini, Nurjahan alikwenda uani kutafuta sufuria, akaliona sinia. Kioo kilikuwa kimelowa kwa ndani, na chini yake mchanga ulikuwa umegeuka kijani. Mbegu thelathini na nane zilikuwa zimeota bila kumwomba mtu ruhusa.

Amir, mwanawe wa pekee, alifanya kazi ofisini Dar es Salaam na alikuwa amepata karatasi za kwenda Kanada: yeye, mkewe Bilkis, na mama yake. Jamaa wengi walikuwa wameshaondoka. Nyumba yao ya ghorofa ilikuwa imetaifishwa mwaka wa sabini na moja, na Nurjahan alikaa humo kama mpangaji. Vitambaa navyo vilikuwa vinapatikana kwa kubahatisha. Amir alimwandikia mama yake ajiandae kwa mwezi wa Julai. Nurjahan akajibu kwa mstari mmoja: "Siwezi, watoto wa baba yako bado wachanga."

Ndipo mvua za Machi zikakolea, na miche ikaanza kufa.

"Bwana Twalibu," Nurjahan aliita asubuhi moja kutoka mlango wa uani, "mikono yako inatetemeka?"

Twalibu akaitazama mikono yake, kwani swali lilikuwa la haki. "Bado."

"Basi njoo."

Akamwonyesha sinia. Miche kumi na miwili ilikuwa imelala chali kwenye mchanga, imekatika shingoni kama iliyochinjwa.

"Wanaoza," akasema Nurjahan. "Leo amesimama, kesho amelala. Lakini marehemu ameacha maneno." Akatoa daftari la Fakhrudin, lililoandikwa kwa Kigujarati, akalisogeza mbali na macho yake, akasoma kwa Kiswahili. "Mche ukianza kulegea usingoje, ubebeshe. Ni kama bwana shamba anavyobebesha mchungwa kwenye mlimau. Unakata mche juu ya mizizi, unakata na shina la ndugu yake mwenye nguvu, unakutanisha vidonda. Mwenye nguvu anamlisha mnyonge. Wembe uwe mkali, upanguswe kwa spiriti. Kidonda kiwe sawasawa kama maji ndani ya bakuli."

"Maneno mazuri," alisema Twalibu.

"Mimi macho yangu yana ukungu, vidole vyangu vina baridi yabisi. Wewe umekata vitu vidogo vya watu maisha yako yote, na hakuna aliyelalamika."

"Wamelalamika," alisema Twalibu. "Lakini walipona."

Akakubali. Kwa miaka kumi na tisa kila saa nne asubuhi kikombe cha chai ya tangawizi kilipitishwa dirishani kikamfikia kwenye kiti chake. Fakhrudin alipokufa, kikombe kilikosekana siku tatu tu. Siku ya nne kilitokea tena, saa nne kamili, kikiwa mkononi mwa mjane. Twalibu alipiga hesabu kimoyomoyo kwamba miche ikipona, Mama Amir atabaki. Na Mama Amir akibaki, dunia itakuwa imebaki na upande mmoja usiohamishwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la Twalibu. Daftari lilisema "ndugu yake mwenye nguvu" bila kumtaja ndugu huyo jina. Twalibu, asiyethubutu kuikata mikubwa ya marehemu, akawaza mti wenye nguvu kuliko yote aijuayo, akaona ni mnyaa. Mnyaa ukiukata unaota, ukiupanda kichwa chini unaota, ukiusahau juu ya paa unaota. Akavunja matawi manane kwenye ua wa jirani, akanoa wembe kwenye mkanda, akapangusa kwa spiriti, akakata.

Maziwa meupe yakabubujika. Miche minane ikaelea juu yake kama pilipili manga kwenye uji. Saa nane mchana yote ilikuwa hai. Alasiri, Nurjahan alipokwenda kuichungulia, yote ilikuwa imekauka, myeusi. Tone moja la maziwa lilikuwa limemrukia Twalibu jichoni, na kesho yake akamnyoa mwalimu mmoja akiwa amefumba jicho la kulia. Mwalimu yule alitulia kitini kuliko mteja yeyote wa mwaka ule.

Mkewe Twalibu aliitwa Mwanajuma. Alikuwa mwanamke wa Puge, kwenye njia ya Nzega, aliyeletwa mjini akiwa msichana, na kila alichokisikia sokoni alikirudisha nyumbani kikiwa kizima. Alimkalisha mumewe kwenye kigoda akamwosha jicho kwa maji ya vuguvugu.

"Baba Maua," alisema, kwani binti yao Maua ndiye aliyekuwa mkubwa, "sokoni wanasema unaingia uani kwa Mama Amir ukiwa na wembe."

"Ni kweli."

"Wanauliza unanyoa nini."

"Ninabebesha miche ya marehemu."

Mwanajuma akafikiri kidogo. "Unaibebesha kwenye nini?"

"Mnyaa."

Akaacha kuosha. "Mnyaa una maziwa. Ile miiba ya Fakhrudin ina maziwa?"

"Haina. Ina ute, kama bamia."

"Basi si ndugu. Hata mbuzi anajua, huu anakula, huu hali. Ndugu yake ni mpungate. Kwetu Puge ua wote wa babu ni mpungate, jani lake nene la miiba likidondoka linaota lenyewe."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulikwenda kuuliza kwa mjane."

Alhamisi ile wakapanda basi la Nzega wote wawili, na kapu.

Babu yake Mwanajuma alikuwa mpagazi katika zama za misafara. Alibeba mizigo ya watu mpaka pwani mara saba, na aliporudi safari ya saba alipanda mpungate kuizunguka nyumba yake pande zote, akaacha upenyo mmoja mwembamba. Alisema ametembea vya kutosha; anayemtaka amfuate. Wajukuu na vitukuu walikaa ndani ya ua huo mpaka Septemba iliyopita, walipokuja watu na magari wakawaambia wahamie kijiji kipya kando ya barabara. Walihama kwa siku moja. Sasa pale palikuwa mahame: nyumba mbili zimebomoka paa, nyasi zimefika kiunoni, na ua wa mpungate umesimama pande zote ukilinda hewa.

Mwanajuma alipita kwenye ule upenyo akasimama mahali palipokuwa jiko la mama yake. Mafiga matatu yalikuwa bado yamekaa kama yalivyoachwa, kiota cha siafu katikati. Akayatazama. Twalibu akangoja. Kisha Mwanajuma akasema, "Kata yale ya upande wa mashariki, ndiyo manene," wakaanza kazi.

Walipotoka na kapu, mgambo mmoja alikuwa amesimama njiani. Akawapeleka kijijini kwa mwenyekiti, mtu mrefu aitwaye Shilinde, ambaye walimkuta amekaa mezani chini ya paa la nyasi, mbele yake daftari na mhuri.

"Mwangaluka, mayo," alimwamkia Mwanajuma kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka."

Kisha, kwa kuwa sasa ilikuwa kazi ya serikali, akahamia Kiswahili. "Hamjui kuwa ni marufuku kurudi mahame?"

"Hatukurudi," alisema Mwanajuma. "Tumefuata majani kumi na mawili ya mpungate."

Shilinde akainuka, akachungulia kapuni, akahesabu. Yalikuwa kumi na mawili. Alionekana kama mtu aliyetarajia hesabu nyingine. "Ya nini?"

"Ya kupanda."

"Ni zao la chakula?"

"Hapana."

"La biashara?"

"Hapana."

"Basi ni kilimo gani hicho?" Shilinde akawageukia wote wawili. Nyuma yake kwenye nguzo palikuwa na tangazo la kampeni lililotoka wilayani siku zile. "Hapa sisi tuna kilimo cha kufa na kupona."

"Hata hiki," alisema Twalibu, akiyasema maneno yake ya kwanza tangu washuke kwenye basi. "Mpaka sasa wamekufa ishirini."

Shilinde hakucheka. Akaketi, akachukua kalamu, akaandika polepole barua ambayo Mwanajuma aliitunza miaka mingi: "Wahusika wamechukua miiba kumi na miwili kwa shughuli za kilimo Tabora Mjini. Wasisumbuliwe." Akagonga mhuri. Kisha akamuuliza Mwanajuma, kwa sauti ya chini na kwa lugha ya kwao, kwani alikuwa jirani wa zamani, kama mafiga ya mama yake bado yapo. Mwanajuma akasema yapo. Shilinde akatikisa kichwa, akafunga daftari.

Njiani kurudi hawakusumbuliwa. Basi lilijaa mpaka mlangoni, lakini hakuna aliyetaka kukaa karibu na kapu lile, kwa hiyo walisafiri wakiwa na nafasi ya watu wanne.

Majani yakapandwa kwenye madebe, yakaachwa yatoe mizizi. Daftari lilitaka wiki tatu. Miche kumi na minane iliyobaki haikuwa imelisoma daftari. Kila asubuhi, kabla ya kikombe cha chai, Nurjahan alimwambia Twalibu idadi kupitia dirishani, kama mtu anayetoa taarifa ya habari. "Kumi na saba." "Kumi na sita." "Kumi na sita bado." Siku hiyo ya mwisho Twalibu alimkaribisha mteja kwa kumuuliza habari za watoto wake, na mteja akashtuka.

Idadi ilipofika kumi na mmoja, Amir akashuka kwenye treni.

Alikuwa kijana mpole wa miaka thelathini na kitu, miwani puani, suti ya Kaunda iliyokunjika kwa safari. Baada ya kumsalimu mama yake alitoka barazani, akasema, "Shikamoo, Mzee Twalibu," akaketi kitini anyolewe. Twalibu akasema, "Marahaba," akampaka sabuni.

"Mzee Twalibu, nina ombi."

"Nafika kooni. Ngoja."

Akangoja. Wembe ulipopita, akaanza tena, akitazama barabara. "Nasikia kesho kutwa ndiyo siku ya kazi. Mama ana imani sana na mikono yako."

"Ndiyo."

"Mimi namjua. Miche ile ikipona, hataondoka hapa. Atakaa uani anaitazama. Mimi nitakuwa Kanada na yeye atakuwa peke yake Tabora, akiugua nisijue mpaka barua ifike." Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Sikuambii uiharibu. Nasema tu mikono ya binadamu hutetemeka. Ikitetemeka kidogo hakuna atakayekulaumu."

Twalibu akapangusa wembe kwenye kitambaa, upande huu, upande ule. Hakumkasirikia. Kijana alikuwa anamtaka mama yake, na hilo si kosa. Kilichomwudhi ni kwamba alipojitazama moyoni alikuta naye anamtaka mama yule yule abaki, kwa ajili ya kikombe cha chai na dirisha. Kati yao wawili hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenyewe.

"Amir," alisema mwishowe, "mimi ndiye niliyekutahiri."

"Najua, mzee."

"Siku ile baba yako aliniambia, Twalibu, mkono usitetemeke. Haukutetemeka. Sasa nimezeeka, siwezi kujifunza."

Amir akavaa miwani yake. Hakulirudia ombi.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi, jua zuri, hakuna upepo. Meza ililetwa uani. Nurjahan alikaa upande mmoja na daftari. Mwanajuma, ambaye hakualikwa na hakungoja kualikwa, alisimama upande wa pili na bilauri za harusi ya Nurjahan, ndogo, zenye ukingo wa dhahabu, zilizokuwa kabatini tangu mwaka wa thelathini na nane. Kila mche ukishabebeshwa ungefunikwa bilauri usikauke. Amir alikaa kwenye ngazi.

Twalibu alinawa mikono mpaka viwikoni. Akakata jani la kwanza la mpungate upande wa juu. Kidonda kikatoka kibichi, kimelowa ute, na katikati yake mstari mweupe, mwembamba kama uzi, ukizunguka.

"Hapo kwenye mstari," alisoma Nurjahan. "Mstari wa mtoto uguse mstari wa mama, vinginevyo hawajuani."

Twalibu akauinua mche kwa ncha ya sindano. Ulikuwa hauna uzito wowote. Akaulaza kwenye kidole gumba, akapitisha wembe chini ya shingo yake, mara moja, bila kurudia, na kile kichwa cha kijani akakiteremsha juu ya mstari. Ute ukakishika. Akakibonyeza kwa pamba kwa muda wa kusoma Fatiha, kisha akasema, "Bilauri." Mwanajuma akafunika.

"Mmoja," alisema Nurjahan.

Alifanya wa pili na wa tatu vivyo hivyo. Wa nne alikuwa juu ya sindano, nusu ya njia kutoka siniani, alipoteleza akaanguka mchangani chini ya meza. Wote wakainama kumtafuta. Mche mdogo kuliko choroko ukianguka kwenye ua uliojaa mchanga wa miaka ishirini haupatikani. Twalibu aliponyanyua kichwa aliona Amir anamtazama, uso umemwiva kwa kitu kati ya tumaini na aibu.

"Huyo ameanguka mwenyewe," Twalibu akamwambia kwa sauti ya chini. "Hakuagizwa na mtu."

Amir akainama tena, akaendelea kutafuta kwa bidii kuliko wote.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, kazi ilikuwa imekwisha. Bilauri kumi za harusi zilikuwa zimesimama kichwa chini juu ya majani kumi ya mpungate, kila moja ikiwa na mgeni wake. Mwanajuma akayaangalia majani mawili yaliyobaki bila mtu, akasema hayo atayapanda kwake. Hakuna aliyempinga.

Amir alirudi Dar es Salaam bila kusema neno jingine juu ya mikono ya binadamu. Siku ya tatu miche miwili ilikuwa imekauka, ikaanguka yenyewe bilauri zilipofunuliwa. Siku ya tano ukafa mmoja. Saba ikabaki. Baada ya wiki mbili saba ile ilikuwa imenenepa kama mbaazi, baada ya nne kama zabibu, na juu ya kila mmoja palitokea miiba mipya, myeupe, laini kama ndevu za mvulana anayeanza. Hata Twalibu, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuona cha kutazama, alijikuta anaingia uani kila alasiri kuhakikisha. Alisimama mbele ya madebe mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua.

Asubuhi moja mwishoni mwa Mei, kikombe kilipopita dirishani, Nurjahan hakukiachia.

"Nimemwandikia Amir," alisema. "Nitaondoka nao, yeye na Bilkis, mwezi wa saba."

Twalibu akabaki na mkono hewani. "Lakini wamepona."

"Ndiyo, wamepona. Ungetaka niondoke wakiwa wanakufa?"

"Nilidhani..." Akatafuta maneno, na kwa kuwa hakuwa na akiba kubwa, hayakupatikana haraka. "Amir alidhani wakipona utabaki. Mimi nilidhani hivyo hivyo."

"Nyie wanaume wawili mlidhani." Nurjahan akaegemea dirisha. Macho yake yenye ukungu yalikuwa yanatazama kiti cha kunyolea, si yeye. "Bwana Twalibu, marehemu alikufa akiwa amesema dhiraa nne, na kitambaa hakijakatwa. Miaka thelathini na sita nimeishi naye na hakuwahi kuacha kitu nusu. Nilipouona ule mchanga wa kijani kwenye sinia nikasema, hili ndilo alilobakiza. Nisingeweza kuliacha hapo katikati nikapanda treni. Wangekufa wote baada ya kubebeshwa, ningekaa hapa nikapanda mbegu nyingine mpaka na mimi nianguke. Sasa wamesimama. Nimemaliza kazi yake. Naweza kwenda kwa mtoto wangu."

Ndipo akakiachia kikombe. Twalibu akakipokea, akanywa. Chai ilikuwa kama ya siku zote, tangawizi nyingi, sukari ya kupimwa. Alielewa kwamba mtu aliyemwondoa Mama Amir Tabora hakuwa Amir wala serikali wala mtu mwingine yeyote. Alikuwa yeye Twalibu, kwa kufanya kazi vizuri. Akarudisha kikombe, akasema ahsante, kisha akamnyoa mteja aliyefuata upara, ingawa mteja alikuwa ameomba apunguziwe tu.

Nurjahan alipofunga mizigo, alimwita Mwanajuma, si Twalibu, akamkabidhi madebe yote, ya zamani na yale saba, pamoja na daftari, ambalo Mwanajuma hakuweza kulisoma. "Huyu bwana ana mkono," alisema, "lakini wewe ndiye uliyejua ndugu ni nani." Wanawake wale wawili wakashikana mikono kwa muda mrefu katika ua ule ambao watu wa sokoni waliusemea mambo mengi. Twalibu alikuwa anafunga madebe kwenye mkokoteni, akafunga mafundo mengi kuliko yaliyohitajika.

Siku ya treni alibeba sanduku moja mpaka ndani ya behewa. Nurjahan alimwambia asisahau kunywa chai. Yeye akamwambia asitikise kichwa. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Ndiyo maneno yaliyokuja. Nurjahan akacheka, akaketi dirishani akiwa ameshika kichwa chake wima kabisa, na treni ikaondoka hivyo.

Duka likachukuliwa na ushirika, ambao uliuza majembe na haukuwa na chai. Kwa mwezi mzima Twalibu hakusema kitu nyumbani zaidi ya salamu. Mwanajuma alimwacha. Mwezi ulipokwisha akamwandikisha kwenye kisomo cha watu wazima kilichofanyika alasiri shuleni, kwani Twalibu alijua kusoma Kurani lakini herufi za Kizungu zilikuwa zikimpita. Alijifunza kwa uangalifu uleule aliotumia kwa shingo za watu. Miezi minane baadaye aliketi mezani kwake, kalamu mkononi, akaandika barua ya kwanza ya maisha yake, kwenda Kanada. Mwanajuma alisimama nyuma ya bega lake akisoma kila neno lilipotoka, maana naye alikuwa amejiandikisha.

"Mama Amir, salaam," iliandikwa. "Wote saba wazima. Wa tatu ametoa ua, jekundu, lilifunguka saa tano likafunga saa kumi. Majirani walikuja kutazama. Waliuliza kama linaliwa. Mwanajuma hajambo. Baraza ni lile lile."

Akaweka kalamu chini.

"Hukumaliza," alisema Mwanajuma. "Mwandikie kwamba ulinuna mwezi mzima."

"Hilo halihusu miche."

"Baba Maua. Andika."

Twalibu akaishika tena kalamu. Akauliza kama neno "nilinuna" lina n ngapi. Mwanajuma akahesabu kwa vidole, akamwambia ni tatu. Akaandika.